Sikio Nyuma ya Bati

Saa saba mchana. Boneti la teksi limeachwa wazi na injini inanguruma. Mama Pacha ameliinamia, taa ya kupimia umeme mkononi, jasho linamchuruzika hadi kidevuni. Hagusi kitu. Anasubiri.

Kiyoyozi cha gari hili kina maradhi ya hila. Kinapuliza baridi vizuri, kisha kinakata katikati ya jua kali na abiria anaanza kufoka. Kikifikishwa kwa fundi, kinapuliza kama hakijawahi kuumwa.

"Dada, ongeza gesi tu niende zangu," anasema dereva, akijipepea kwa kofia. "Mafundi wote wanaongeza gesi."

"Gesi haina shida, nimeipima mbele yako. Acha kikate chenyewe tukione."

"Nisubiri mpaka niote mizizi?"

Sauti ya mwanamume inajibu kutoka nyuma ya ukuta wa mabati: "Ukiota, shemeji, tutakumwagilia maji."

Dereva anacheka, ila hatazami huko. Mwenye sauti ni mume wa Mama Pacha, ndiye aliyemfundisha mkewe kazi hii. Madereva wa kituo cha teksi humwita Bati, maana siku hizi wanamsikia tu.

Miaka mitatu iliyopita, mteja mwenye haraka alimng'ang'aniza aongeze gesi kwenye kiyoyozi kilichokuwa kikikata na kurudi kama hiki. Akaongeza. Kumbe gesi ilikuwa imejaa tele. Mpira wa kupitishia gesi, uliochakaa, ukapasuka, gesi ikamrukia usoni. Macho yote mawili yakaenda, na yaliyobaki usoni ni makovu ambayo mtoto akiyaona anamkumbatia mama yake.

"Nampeleka hospitali, nimemshika mkono, yeye ananiuliza kama injini nimeizima," husimulia Mama Pacha. "Alikuwa hajajua bado. Mimi nilishajua."

Wateja wakapungua mmoja mmoja. Wengine walisema gereji imeingia nuksi. Mume mwenyewe ndiye aliyetaka bati lisimamishwe, asije akawafukuza waliobaki. Leo, kati ya teksi zote za kituo kile, ni hii moja tu inayokuja. Ikiondoka bila kupona, basi tena.

Injini imepata moto. Mara upepo ndani ya gari unakuwa wa vuguvugu.

"Imeachia," anasema mume, aliyesikia mlio ukibadilika, kabla dereva hajafungua mdomo. "Umeme unafika?"

Mama Pacha anagusisha taa kwenye waya wa kompresa, pampu ya kiyoyozi. Taa inawaka. "Unafika."

"Isukume kidogo."

Anachukua kijiti kirefu cha mbao, mikono akiiweka mbali na mkanda unaozunguka, anaisukuma sahani ya klachi iliyo mbele ya kompresa. Tak! Sahani inanata. Baridi inarudi.

"Imelika hiyo," anasema mume. "Ikipata joto, sumaku inakosa nguvu ya kuivuta."

Mama Pacha anazima injini, anafungua klachi, anatoa washa moja, kipete cha chuma chembamba kama kucha, ili sahani isogee karibu na sumaku. Anafunga. Injini inawashwa tena, inaachwa ikinguruma juani, mpaka dereva aliyekaa ndani anafunga vifungo vya shati.

"Dada, nimekukubali!"

"Basi waambie wenzako kituoni."

Dereva anaigeuza kofia mikononi. "Nisikudanganye. Nikisema natoka kwa Bati, wataniambia nimebeba nuksi. Nitasema nimetengenezea kwingine."

Anaondoka, vioo vyote amepandisha.

Mama Pacha anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nilidhani kazi nzuri itawarudisha," anajisemea chini chini. "Kumbe sisi tunajificha, na wao wanaogopa kilichofichwa."

Anachotaka sasa ni mumewe akae mbele, kando ya boneti, kila apitaye amwone akisikiliza magari. "Siku ya kwanza watashtuka. Wakimzoea, watakuja wenyewe. Wasipokuja, angalau atakuwa amekaa na watu."

Anachukua nyundo, anang'oa msumari wa kwanza wa bati.

"Mama Pacha, unafanya nini huko?"

"Nakutoa nje."

"Na uso huu?"

"Mimi nalala nao kila siku, mbona sijafa?"

Msumari wa pili unalia ukitoka. Halafu wa tatu.

"Basi," sauti inasema polepole, "nitafutie shati lisilo na grisi."