Faili Moja Bila Wenzake

Muhula huu nilishinda kwenye kanisa la Wasabato siku nzima kwa ajili ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na mimi ni Mkatoliki wa kusinzia misa.

Projekti yangu ya kompyuta ya kidato cha nne inachora grafu ya kilo za majani chai tunazovuna nyumbani kila mwezi. Mwalimu alisema ikifika Jumatatu saa nne, projekti isiyofanya kazi inapata sifuri. Maabara yetu hapa Ekerenyo haina mtandao, kwa hivyo maktaba za Python, yaani vifurushi vya programu vya kuiongezea uwezo, tunazibeba kwa flash: unapakua kwenye saiba, duka la intaneti mjini, unatia kwenye folda, halafu unaiambia Python isakinishe kutoka humo.

Ijumaa nilipakua maktaba ya kuchora peke yake, nikajisifu kwamba nimeokoa nafasi. Jumamosi asubuhi, maabarani, Python ikakataa. Maktaba hiyo inategemea nyingine, na kwenye folda yangu hazikuwepo. Nilikuwa nimealika bwana harusi, bibi harusi nikamwacha kwao.

Nikapanda boda hadi Nyamira. Saiba imefungwa. Muuza mahindi jirani akaniambia mwenyewe ni mzee wa kanisa la Sabato. Nikamfuata huko huko, nikakaa nyuma na sweta langu la shule lenye matundu. Ibada ilipoisha nikamweleza shida yangu kwa sauti ya yatima.

"Kijana, jua likizama nitafungua," akasema. "Kwa sasa twende ukale."

Nikala, mara mbili. Kipindi cha mchana niliimba nyimbo nisizozijua mpaka mkewe akaniomba nipunguze sauti.

Jua lilipozama akafungua. Nikaanza kutafuta faili ya pili, akaniondoa kwenye kiti.

"Ukichagua wewe, utarudi hapa Sabato ijayo. Iambie Python ipakue yako na zote inazozitegemea."

Akauliza Python ya shule ni toleo gani, ili zioane. Zikaja faili kumi na moja. Nyumbani mama akauliza nilikuwa wapi, nikasema kanisani. Akaniambia niende nikalale na uongo wangu.

Jumatatu saa tatu na nusu nilisakinisha kutoka kwenye folda mbele ya mwalimu. Grafu ikatokea. Akaitazama, kisha akauliza kwa nini Aprili yangu inafuata Agosti. Nilikuwa nimepanga miezi kwa alfabeti. Akakata alama tatu, akaenda kwa anayefuata.