Kibanja cha Filipo

Siku ile tulikuwa tunaanua kahawa. Mawingu yalikuwa yamejaa juu ya ziwa, na kaka yangu Filipo, katekista wa kigango chetu huku Rubafu, aliwaacha watoto wa mafundisho barazani akaja kunisaidia kukunja mikeka. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ukoo ulikuwa umemsimika Filipo kuwa mrithi wa kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba na kahawa. Yeye hakuwa ameoa. Mimi, mdogo wake, nilikuwa na mke, mtoto mchanga na kipande cha shamba kisichotutosha.

Alasiri hiyo watu wa ng'ambo ya Mto Kagera walianza kufika. Askari kutoka Uganda walikuwa wamevamia vijiji vyao. Filipo aliwafungulia nyumba, akawaambia wakate ndizi za kuwatosha. Nilimvuta pembeni nikamwambia shamba litabaki mashina matupu. Alijibu taratibu kwamba pale yeye ni mpitaji tu. Urithi wake hasa uko kwa Mungu, na anayeamini hivyo hawezi kumnyima mgeni mkungu wa ndizi. Niliona ni maneno ya katekista. Lakini kitanda chake alimpa Ma Anastazia, mzee kipofu aliyebebwa mgongoni tangu mtoni, yeye mwenyewe akawa analala jikoni, sakafuni.

Wageni walipoendelea na safari, Ma Anastazia alibaki. Miguu yake ilikuwa imevimba na waliombeba walikuwa wamechoka. Ndege za vita zikaanza kupita kuelekea Bukoba mjini. Tukaamua kukimbilia Muleba kwa shangazi yetu.

"Nenda na mkeo na mtoto," Filipo aliniambia. "Mimi nitabaki na mama huyu."

"Na ndege zikirudi?"

"Nimewafundisha watoto kwamba tuna urithi unaotungoja. Siwezi leo kukimbia kama mtu asiye na kitu mbele yake."

Sikumbishia. Moyoni nilishukuru kwamba hakuniomba nibaki.

Tulikuwa tumeanza kupanda kilima tuliposikia ndege.

Tulilala chini ya migomba. Mke wangu alimfunika mtoto kwa mwili wake.

Mlipuko mmoja. Niliusikia ukipita ardhini, chini ya kifua changu.

Kisha kimya.

Moshi ulikuwa unapanda upande wa kwetu.

Nilimwacha mke wangu na mtoto kwa majirani tuliokuwa tukikimbia nao, nikarudi mbio. Ma Anastazia alikuwa hai ndani ya handaki tulilochimba nyuma ya nyumba. Filipo alikuwa amembeba hadi humo, halafu akarudi kumchukulia maji. Nilimkuta karibu na mlango wa jikoni. Tulimzika bila padre, mimi na wanaume wachache waliokuwa wamebaki kijijini.

Vita viliposogea mbali, ukoo ulinisimika mimi. Padre alinifariji kwamba Filipo sasa ameupokea urithi wake. Niliitikia amina, nikawaza kwamba ule mwingine nimeupokea mimi.

Ndugu za Ma Anastazia hawakupatikana, tukaishi naye. Siku moja nikimpa uji aliniambia, "Mwanangu, aliyepaswa kufa ni mimi."

Maneno hayo hayo yalikuwa yamenikaa kooni tangu mazishi. Nilimjibu tu, "Kunywa, Mama, uji usije ukapoa."

Alipofariki nilimzika kando ya Filipo. Wazee wa ukoo walinuna, maana hakuwa wa kwetu.

Sasa nimezeeka. Shamba sijalizungushia uzio. Mwenye njaa hukata mkungu, akaniaga, akaenda. Wanangu hulalamika. Wenzangu wa jumuiya husema nina imani kama ya kaka yangu. Sivyo. Filipo alitoa akitazama kule anakokwenda. Mimi kila nikitoa, ninaona ule mlango wa jikoni.

Jumapili tunapokiri kwamba tunaungojea uzima wa milele, naitika pamoja na wote, na kweli naungojea. Ila huko nitamkuta Filipo, na mpaka leo sijui nitaanzaje kumsalimia.