Barafu ya Futari na Sola ya Flora

Zubeda wa Pangani, Kibaha, alikuwa na roho ya kwa nini, na tangu jirani yake Flora afunge sola, roho hiyo haikumpa usingizi. Miaka kumi na moja mtaa mzima ulifuturu kwa barafu ya Zubeda. Sasa watu walikuwa wakisimama getini kwa Flora kusoma kibao cha umeme anaouza: wa mchana bei chee, jua lipo, kuanzia saa kumi na mbili jioni bei mara mbili, maana hapo unakula betri. Washona nguo wakahamishia kazi zao mchana. Hata Hussen, mume wa Zubeda, akausifia utaratibu ule mbele yake, tena mdomo umejaa chakula.

Zubeda akauza mbuzi wawili, akanunua paneli na betri.

"Mama Yasmin, huku mbele mfenesi utazitia kivuli kuanzia saa sita," fundi Dulla alimwambia. "Tuziweke nyuma, juu ya jiko."

"Nyuma ataziona nani? Weka hapo hapo."

Dulla akaziweka hapo hapo, zikitazamana na mlango wa Flora. Zilipendeza kweli. Betri ndiyo haikujaa hata siku moja.

Kumi la mwisho la Ramadhani, umeme ukakatika asubuhi. Kufika adhuhuri betri ya Zubeda ilikuwa imekwisha, na friza likaanza kutoa jasho. Barafu ya nyumba ishirini ilikuwa humo, na wenyewe wangekuja jioni na ndoo zao. Hussen akasema waende kwa Flora. Zubeda akamwambia aende yeye akaishi huko kabisa.

Flora alikuja bila kuitwa, anaburuta waya mrefu.

"Shikamoo dada. Chomeka, friza lako linalia mpaka kwangu."

Zubeda alitaka kukataa. Akaitazama ile barafu, akachomeka.

Umeme haukurudi. Saa kumi na mbili ilipogonga, Zubeda akamtuma Hussen na hela ya bei ya jioni, mara mbili kama kibao kinavyosema, ili asidaiwe shukrani na mtu. Hussen akarudi nayo.

"Amekataa. Anasema kibao ni cha wenye biashara. Eti wewe unahangaika tu, akutoze nini?"

Zubeda akakaa juu ya kinu. Angetozwa mara tatu angelipa akicheka. Kuhurumiwa na Flora, tena mbele ya mumewe, kulimchoma hadi machozi yakamtoka.

Adhana ikaadhiniwa. Watu wakaja na ndoo, wakamkuta anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Allah akulipe, Mama Yasmin," walimwambia mmoja baada ya mwingine. "Bila wewe tungefuturu na maji ya moto."

Aliitikia amin kwa kila mmoja, macho yake yakiwa kwenye waya wa Flora.