Baraka za Don Anselmo

Jioni za Januari, jua likiwa bado kali, Deolinda hupita mbele ya kapu langu la chipa, vile vimikate vyetu vya jibini na unga wa muhogo, akimtembeza Don Anselmo. Mzee ana miaka tisini na moja. Kwa mwendo wake, kulizunguka ziwa la Palermo, bustani ya mji huu wa ugenini, mara moja ni saa nzima. Wapita njia husema, loo, matembezi matamu! Matamu kwao.

Deolinda amemlea miaka sita. Mwaka huu binti yake Nilsa, kule kwetu Paraguay, alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na mama alimwahidi atakuwepo. Tiketi ya basi la Jumapili ilikuwa mkobani. Mtoto wa mzee alikwisha kupata mama mwingine wa kuanza kazi Jumatatu. Ilibaki baraka tu. Sisi hatutoki nyumbani kwa mtu mzima hivihivi. Unaunganisha viganja kifuani, unaomba, naye anakubariki.

"Muombe, yaishe," nilimwambia.

"Nimemuomba, Ña Chela. Kanibariki na machozi juu. Tulipofika kwenye mawaridi ananiuliza Jumapili tutapika nini."

"Si kakubariki lakini?"

"Baraka gani hiyo, mwenyewe haikumbuki?"

Jumatano akaomba tena. Alhamisi tena. Kila mara mzee alimwekea mkono kichwani: "Mungu akujalie mema, binti yangu, nenda." Kabla ya kufika daraja jeupe la ziwani keshasahau. Roho iliniuma, na mimi nikiumwa roho hugomba.

"Shoga, baraka tatu unazo. Unataka dazeni?"

Alicheka, lakini chipa niliyompa hakuimaliza.

Ijumaa waliketi benchi la karibu yangu. Deolinda akaunganisha viganja. Don Anselmo akautia mkono wake mfukoni.

"Sitoi."

"Mzee wangu, jamani..."

"Nimesema sitoi. Ukienda wewe, nani atanishika?"

"Yupo mama mwingine anakuja. Mpole kuliko mimi."

"Basi aende yeye huko Paraguay."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Deolinda hakucheka. Alimwinua wakaenda zao, nami nikajipa moyo kwamba wakifika kwenye mawaridi atakuwa amesahau, na ataombwa upya. Baada ya saa nzima wakarudi. Hata sijafungua mdomo, mzee akaninyooshea fimbo.

"Na wewe muuza mikate, usimtie maneno. Nimesema sitoi."

Alikumbuka. Katika siku zote zile, hilo tu ndilo lililomkaa. Jumamosi aliamka nalo, akalirudia kabla hata ya chai. Mimi ningekwenda, tena mbio. Deolinda hakuweza. Basi la Jumapili likaondoka bila yeye, na yule mama mwingine akaambiwa asije.

Jumanne walikuwa mbele ya kapu langu simu yake ilipolia. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia mzee alikuwa ameukumbatia. Hata mimi nilikisikia kitoto kikilia.

"Nani huyo?" Don Anselmo akauliza.

"Mjukuu wangu, mzee. Kazaliwa leo."

"Maskini. Nenda kambembeleze," akasema, na mkono hakuuachia.