Supu ya Jiko la Maranda

Juzi jioni nilirudi kutoka kazini nikaingia moja kwa moja jikoni, hata viatu sijavua, nikaweka kiganja juu ya sufuria ya umeme. Baridi. Wala si vuguvugu, baridi kabisa, kama jiwe la mtoni. Nikafuata waya kwa macho mpaka ukutani. Plagi nilikuwa nimeichomeka vizuri, ila swichi yake sikuibonyeza. Kutwa nzima kuku alilala kwenye maji pamoja na karoti zake, mbichi vilevile kama nilivyomwacha alfajiri. Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimechoka mpaka machozi yakawa yanajitokea yenyewe.

Ngoja nikueleze, maana usipojua hali ya hapa kwangu utaona nalilia supu. Mama yangu ninaye hapa Moshono tangu Pasaka. Miguu imemkataa, hata kwenda chooni ni mpaka nimshike huku na huku. Hilo tulishalizoea. Lakini Julai hii, baridi ilipoingia na Mlima Meru ukajifungia mawinguni wiki nzima, mama akaacha kula. Uji anaonja kijiko kimoja, anarudisha bakuli. Ndizi hataki, maziwa hataki. Daktari alisema asipokula, hizo dawa zitamwumiza tumbo bure. Nimebembeleza, nimenuna, nimeomba, wapi! Halafu majuzi, bila kuulizwa, akaniambia, "Ningepata supu ya kuku kama ya bibi yako, ningekula." Mwenzangu, sikumbuki mara ya mwisho kufurahi vile.

Mdogo wangu wa kiume, anayeishi nchi za watu, ndiye aliyetutumia sufuria hiyo. Inapika taratibu, kwa muda wa saa nane au tisa, wewe uko kwenye shughuli zako. Kijitabu chake kinasisitiza usifunue mfuniko mpaka mwisho, na niliposoma hapo nilicheka, kwa sababu hiyo ilikuwa sheria ya bibi kabla huyo aliyekiandika hajazaliwa. Mimi nafanya kazi kwenye shamba la mboga kule Usa River. Nasimama kutwa nachambua njegere changa za kwenda Ulaya, vidole vimekufa ganzi, na gari la wafanyakazi linanipitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, halingoji mtu. Basi asubuhi ile nikamkata kuku, nikamenya viazi, karoti na ndizi nilizonunua Tengeru sokoni, tangawizi, vitunguu, kila kitu mahali pake. Nikamwagiza jirani, mama wa watu anayekuja kumtazama mama mchana, asije akafunua. Akatii, maskini. Ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba ndani hakuna kinachoendelea.

Pale juu ya ndoo, mkono ukiwa bado kwenye mfuniko, nikajiona nina miaka tisa, nimesimama kwenye jiko la bibi mzaa baba, mlimani juu ya Tengeru.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha mbao kando ya nyumba kubwa, kimekuwa cheusi ndani kwa masizi ya miaka. Sisi tulikuwa tunaishi hapo hapo kwa bibi, katikati ya migomba na kahawa. Baridi ya Julai ya wakati ule, nisikudanganye, ilikuwa baridi kweli. Ukungu ulishuka asubuhi mpaka humwoni ng'ombe unayemsikia akitafuna. Majani ya migomba yalidondosha maji kutwa, tip, tip, mtu ungedhani mvua inanyesha. Kuni zote zilikuwa zimelowa, ukizitia motoni zinalia na kutoa povu. Kwa hiyo msimu huo bibi alipikia maranda.

Huenda wewe hujawahi kuliona jiko la maranda. Ni debe tu, limetobolewa tundu moja ubavuni, chini kabisa. Tulikuwa tunakwenda kwa fundi seremala kule barabarani na gunia, anatuachia tuzoe vumbi la mbao bure, akituambia tumepunguzia kazi ya kufagia. Unasimamisha chupa tupu katikati ya debe, unapitisha kijiti kwenye lile tundu la chini mpaka kiguse chupa, halafu unamimina maranda pembeni na kushindilia kwa mchi. Unamimina, unashindilia. Mkono unachoka, unashindilia. Mwisho unaizungusha chupa polepole na kuichomoa, unatoa na kijiti, unabaki na shimo safi kama kisima. Moto unawashwa chini, na maranda yanaungua taratibu kuanzia ndani kwenda nje, tangu kengele ya kwanza ya kanisa mpaka watu wamerudi, wamevua viatu na wamesalimiana. Supu iliyokaa hapo juu huhitaji kuitafuna nyama yake. Lakini ole wako usishindilie sawasawa! Maranda yakilegea yanaporomokea shimoni, yanaufukia moto, unabaki na moshi mtupu.

Kushindilia ilikuwa kazi yangu. Bibi alikuwa akipita anabonyeza kwa kidole gumba, kikizama anasema, "Rudia. Supu haina haraka, mwenye haraka anywe maji ya moto." Loo, nilivyokuwa nauchukia ule msemo!

Mwaka huo mama alijifungua huyu mdogo wangu wa sufuria. Na kwa bibi, mzazi alikuwa mtu wa heshima zake. Alikaa ndani na mtoto wake, analetewa chakula mkononi, na jikoni haruhusiwi kukanyaga hata kuomba kaa la moto, mpaka siku bibi mwenyewe atakapomtoa nje. Mzazi aliyejipeleka jikoni alikuwa kama amemtangazia kijiji kizima kwamba mama mkwe wake hamlishi. Bibi hakuwa na utani kwenye hilo. Jumapili moja akamchinja jogoo aliyekuwa amemtunza kwa ajili hiyo, akaweka na ndizi na karoti, akaniambia nitayarishe jiko kabla ya kwenda kanisani.

Nilikuwa na haraka. Shule ya Jumapili, watoto waliowahi ndio waliosimama mbele siku ya kuimba, na mimi nilishasimama nyuma wiki mbili. Nikashindilia kwa mkono mmoja, mkono wa pili nakula kiporo cha ndizi. Bibi alikuwa anafunga kilemba, siku hiyo hakuja kubonyeza. Akawasha, akapachika sufuria, akafunika, tukaondoka wote. Mama akabaki na kichanga.

Tuliporudi, sikusikia harufu ya supu. Nilijua tangu getini. Bibi alifunua sufuria akakuta maji ya vuguvugu na jogoo mwekundu kama alivyochinjwa. Maranda yalikuwa yameporomoka yote. Alisimama na mfuniko mkononi, akageuka taratibu kunitazama. Fimbo ya mti wa kahawa ilikuwa inakaa juu ya mlango, na macho yake yalikwishafika huko.

Ndipo mama akasema kupitia dirisha la chumba chake, lililotazamana na mlango wa jiko, "Ni mimi, mama. Niliingia kuangalia, nikasogeza sufuria, jiko likabomoka."

Bibi alirudisha mfuniko. Alichukua kuni zake mbichi, akapuliza mpaka macho yakamwiva, supu ikaiva jua likizama. Na kwa wiki tatu zilizobaki za uzazi ule hakusema na mama neno moja. Alipitishia kwangu. "Mwambie mama yako supu iko tayari." Mama yuko hatua nne, anasikia kila kitu, na mimi mjinga naenda kumwambia, "Mama, supu iko tayari." Wanawake wa jumuiya wakaja kumwona mtoto, bibi akawaeleza kwamba huyu mkwe wake anaona njaa nyumbani kwake. Nilimsikia mama akilia, amempa mtoto ziwa na kujifunika khanga usoni.

Nilimwuliza kwa nini alisema vile. Akaniambia, "Nyamaza. Mzazi hachapwi. Wewe ungechapwa."

Sikumwambia bibi. Niliahidi moyoni kwamba nitamwambia nikimaliza darasa la saba, halafu nikasema nikiolewa, halafu bibi akafa. Alikwenda kaburini akiamini kwamba mkwe wake alimwaibisha. Hilo limenikaa mpaka leo na halijawahi kuwa jepesi.

Sasa nirudi kwenye ndoo. Nilikuwa najisemea kwa sauti bila kujua. "Mjinga mimi! Swichi tu! Mtu mzima na akili zake!" Nadhani nilipiga na teke kabati. Mama akaniita kutoka sebuleni, kilipo kitanda chake.

"Dada." Ananiita hivyo tangu mdogo wangu aanze kusema. "Unagombana na nani huko?"

"Supu haikuiva, mama. Na ulikuwa umesema utakula."

Akasema, "Ni mimi. Niliizima mchana. Ilikuwa inanipigia kelele."

Nilikwenda nikasimama mlangoni nikamtazama. Kutoka kitandani mpaka jikoni ni hatua kumi na mbili, na yeye hata mbili hawezi. Na sufuria ile haina kelele yoyote. Alikuwa amenikazia macho, mkavu kabisa, kama mtu anayesema kweli.

"Mama, umefikaje jikoni?"

"Nimefika," akasema. "Nigombeze mimi basi. Ingawa mgonjwa hagombezwi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, halafu kicheko kikageuka, nikalaza kichwa kwenye godoro lake nikalia kweli. Alinipapasa nywele kwa vidole vyake baridi. Kuku nilimtupa, alishalala kutwa, na tumbo la mama si la kujaribia. Nikachemsha karoti na viazi vilivyobaki kwenye gesi, supu ya dakika ishirini isiyo na mbele wala nyuma. Akala nusu bakuli. Akasema ya bibi haikufikia hii. Uongo mwingine huo, na nikaumeza.

Kile kibanda cha jiko hakipo. Shamba liligawanywa, kipande cha kwetu kikauzwa, siku hizi kuna ukuta na geti la chuma na mbwa nisiowajua. Maranda nayo hayaokotwi tena. Mafundi wanawauzia wafugaji wa kuku wa kisasa. Haya yote nimeyakubali, nimechoka kuyasikitikia. Ninachoshindwa kukizoea ni kingine. Watu wa kunipikia supu naweza kuwapata, hata mashine inapika. Ila mtu wa kusema "ni mimi" ninaye mmoja tu, na anakula nusu bakuli.

Jana alfajiri nikaweka kuku mwingine. Nikachomeka, nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka. Nikatoka, nikarudi kuhakikisha, nikatoka tena. Nje gari la kazini lilishaanza kupiga honi. Nikiwa na viatu mkononi nikamsikia mama gizani, kumbe yuko macho.

"Umewasha?"

"Nimewasha, mama."

"Haya, nenda. Isipoiva, sema ni mimi."