Fundi wa Kwenye Barua

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiuma masikio, nilifunga blanketi langu kwa kamba nikatoka Tunduma bila kujua ninakwenda wapi. Sikufukuzwa na mtu wala sikuitwa na mtu. Nilikuwa nimelala kwa shemeji yangu, mulamu kama tunavyosema sisi wenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Nikaamka, nikasikia lori linaunguruma barabarani, na nyayo zikaanza kuniwasha. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Wengine huwashwa na pombe. Mimi niliwashwa na barabara.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyonitoa chuoni. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, kabla ya vita vya pili, nami nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu cha misheni. Siku moja tukiwa tunafyeka majani kando ya njia, lori likapunguza mwendo kwenye kona, nikatupa fyekeo nikadandia. Nilitaka kujua ile barabara inaishia wapi. Leo ni mzee, jibu nakupa bure: haiishii.

Wenzangu walibaki, wakamaliza. Wawili kati yao tulikuwa tumelala vitanda vya jirani. Mmoja ni Yeremia wa Ihanda, mtu wa maneno machache, ambaye usiku aliilalia kaptura yake chini ya godoro ili asubuhi iwe imenyooka. Mwingine ni Tito wa Mbebe, kule milimani Ileje, ambaye hata mwalimu mkuu alimwogopa kwa utani wake. Yeremia akawa mwalimu wa shule ya kijijini kwao, tena mkulima wa kahawa. Tito aliacha chaki akawa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, akivuka mabonde na sanduku la dawa kichwani. Mimi walinibandika jina Kiguu na Njia, na sikuwa na la kujitetea.

Tulikuwa na desturi moja. Kila Krismasi, kila mmoja wetu alimwandikia Yeremia barua ya kueleza mwaka wake ulivyokwenda. Baada ya ibada Yeremia alizisoma kwa sauti nyumbani kwake, jamaa na majirani wakisikiliza, kisha akatuma kwa kila mtu habari za wengine. Mimi zilinifikia kupitia kwa shemeji.

Laiti ungezisoma barua zile! Yeremia aliandika: “Mwaka huu mibuni mingi imekufa. Nilipanda penye maji yaliyotuama, kosa ni langu. Tumeng'oa, tunaanza tena.” Mwaka mwingine: “Mtoto wetu wa tatu tulimzika mwezi wa nne. Mama Eliza ameanza kucheka tena kidogo.” Tito naye: “Nimeshindwa mtihani wa kupanda cheo kwa mara ya pili. Wagonjwa hawajajua, msiwaambie.” Waliandika hasara zao kama mtu anavyotaja hali ya hewa, bila kilio wala kificho.

Na mimi? Mimi niliandika kwamba niko migodini ng'ambo, ni fundi wa mitambo, na mashine haiwashwi mpaka nifike. Ukweli ni kwamba nilikuwa naosha sahani katika bweni la wafanyakazi, na ilipofika Pasaka nilikuwa nimeshaondoka hata huko. Mwaka uliofuata niliona aibu kushuka cheo, nikajipandisha. Uongo ni kama nyumba ya nyasi, kila mwaka hudai kuezekwa upya. Nikaezeka Krismasi kumi na nane.

Basi asubuhi ile lori lilinishusha njia panda ya Ihanda, kwa sababu tu dereva alitaka kupumzika pale. Nikasema moyoni, si hapa kwa Yeremia? Ngoja nikamwone uso mara moja, nilale siku moja, nipite.

Mwanangu, nilifika nikasimama kama mti. Kilima kilichokuwa kichaka tulipokuwa vijana kilikuwa kimevikwa kahawa kutoka juu hadi chini, mistari imenyooka kama daftari. Yeremia alikuwa amechimba mfereji kutoka kijitoni kwa jembe la mkono, misimu mitatu, baada ya kutoka darasani. Aliyezika mibuni akazika na mtoto, amesimama katikati ya kijani kile, mvi zimeanza kumchungulia kwenye masikio, na punje nyekundu zimelemea matawi. Nilimwonea fahari. Sikumwonea wivu, maana wivu unataka mtu mwenye kitu cha kulinganisha.

Mkewe aliniona wa kwanza. Akapiga kelele kuelekea shambani, “Baba Eliza! Baba Eliza, njoo! Mungu ametuletea fundi hata hatujamwandikia!”

Sikuelewa, mpaka waliponishika mkono wakanipeleka bandani. Ndani kulikuwa na mashine ya kumenya kahawa, ya kuzungusha kwa mkono. Kaya nne zilikuwa zimeinunua kwa pamoja kutoka kwa mlowezi mmoja aliyekuwa anahama. Ilifika, ikagoma. Mkono wake haukugeuka mpaka wasukume watu wawili, na kahawa ilitoka imesagika. Nawe unajua, kahawa ikishachumwa haingoji, kesho yake imechacha. Ukikosa mashine, unaikausha na maganda yake, na hiyo wanunuzi huipokea kwa kukunja pua. Ulikuwa ndio msimu wa kwanza wa mavuno makubwa tangu ile mibuni ya mwanzo ife.

“Nilikuwa nakuandikia barua,” Yeremia alisema. “Nikasema, fundi tunaye, ni wetu, tulilala naye bweni moja. Kwa nini tukahangaike na wageni?”

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa kutokea, mwanangu, wazi kabisa. Sentensi moja tu ingetosha. Badala yake nilikunja mikono ya shati, nikaizunguka ile mashine nikiguna kama daktari.

Siku ya kwanza nilisema inataka kuangaliwa kwa makini. Siku ya pili nikasema inataka mafuta, nikaipaka mafuta mpaka Mama Eliza akakosa ya kupikia. Siku hiyo Tito alifika kutoka Mbebe. Alikuwa ameomba likizo ili aje kusaidia kuchuma. Alinikumbatia mbele ya watu wote akasema, “Jamani, huyu ndiye niliyemwombea kanisani miaka kumi na minane, Bwana amwepushe na meno ya mitambo! Hebu tuone vidole. Vyote kumi? Basi Mungu anasikia.” Watu wakacheka, nami nikacheka nao, meno makavu.

Na kwa kuwa fundi yupo, wakaanza kuchuma. Kaya zote nne. Vikapu vikajaa banda, vikajaa uani.

Siku ya tatu harufu ikaanza, harufu ya togwa lililopitiliza. Kila mtu aliisikia. Nikaona nikikaa kimya zaidi nitaumbuka, nikatamka kwa sauti ya kifundi, “Hapa panataka nyundo.” Nikapiga. Mara ya pili gurudumu la meno likapasuka kutoka katikati hadi ukingoni, kama mtungi.

Nilikaa chini palepale. Nikasema, “Yeremia, mimi si fundi. Sijawahi kuwa.”

Tito alichuchumaa mbele yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona bila utani. Kisha akaniuliza polepole, “Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Nilikuwa naosha sahani.”

“Mficha maradhi,” akasema akitikisa kichwa, na hakumalizia. Dresa hana haja ya kuumalizia msemo ule.

Nilimngojea Yeremia anifukuze. Angenifukuza ningeshukuru, maana kufukuzwa nilikuzoea. Alikiokota kipande cha chuma kilichoruka, akakifuta kwenye suruali, akanitazama. Alisema, “Zile barua zangu za mibuni iliyokufa, ulidhani nilikuandikia ili unionee huruma? Niliziandika ili ujue kwamba nyumbani kwangu mtu aliyeshindwa ana pa kukaa. Miaka kumi na minane nakufungulia mlango, wewe unanipigia hodi dirishani.”

Nimekemewa na wakubwa kwa wadogo, kwa Kiswahili, kwa Kinamwanga na kwa Kibemba. Hakuna karipio lililoniingia kama lile, na halikuwa na hata neno moja la ukali.

“Sasa tuambie,” akasema. “Ya kweli. Ulikuwa wapi?”

Nikawaambia. Walikuwa wanachambua kahawa mbovu na nzima huku wananisikiliza, nami nikachambua nao. Niliwaeleza habari za sahani, za kuuza samaki wakavu kutoka ziwani, za genge la kutengeneza barabara, za mbuzi wa mtu niliowachunga hadi wakanizoea kuliko mwenyewe. Nikawaeleza jinsi lori lilivyotuharibikia porini siku mbili, tukala mahindi mabichi, na abiria mmoja, mhunzi wa machimbo ya dhahabu ya Saza anayeitwa Lameki, akanifundisha kwa maneno matupu jinsi chuma cha kumimina kikipasuka kinavyoungwa, kwa kuwa sikuacha kumuuliza maswali.

Mama Eliza aliacha kuchambua. “Huyo wa Saza,” akasema. “Anaunga chuma kama hiki?”

“Ndiyo kazi yake. Aliniambia nikipita Saza nimuulizie.”

“Na siku zote hizi tatu, shemeji, ulikuwa unamjua?”

Niliokota punje mbovu nikaitupa kando. Nilikuwa nimekaa siku tatu nikijifanya fundi, ilhali fundi wa kweli nilikuwa naye mfukoni, na nilimficha kwa sababu kumtaja kungefichua namna nilivyoishi. Kile nilichokionea aibu, kutembea kwangu na kuuliza-uliza kwangu, ndicho kitu pekee walichokihitaji kutoka kwangu.

Niliondoka alfajiri ya kesho yake, gurudumu limefungwa ndani ya blanketi mgongoni. Tito alinifunga kamba vizuri kama anayefunga bandeji. Yeremia aliniambia neno moja: “Safari hii usiandike. Rudi mwenyewe.”

Alikuwa ananijua. Siku ya pili njiani, kwenye kona, lori la kwenda nchi nisiyoijua lilipunguza mwendo kando yangu kabisa. Nyayo ziliwasha, sikudanganyi. Nililitazama mpaka vumbi likatua, kisha nikaendelea.

Nikueleze matokeo mapema usije ukahangaika. Kahawa ya mchumo wa kwanza ilipotea karibu yote. Ya mchumo wa pili na wa tatu tuliiokoa, maana nilirudi na gurudumu, na nikarudi na Lameki mwenyewe. Aliilaza mashine ubavu, akaichungulia, akasema ile ngoma ya ndani inayomenya punje ilikuwa imebanwa mno tangu ilipofungwa upya. Ilitaka kulegezwa skrubu mbili. Nyundo hata isingeguswa. Tito alianguka chini kwa kicheko, na neno “skrubu mbili” likawa salamu yake kwangu mpaka leo tunapoandikiana wazee watatu, mmoja haoni vizuri, mmoja hasikii, na mimi goti halitaki tena mlima.

Lakini si gurudumu ninalotaka ulikumbuke. Kumbuka mlango wa Saza.

Nilifika jua likielekea kuzama, miguu imevimba, joto la bondeni limenikausha midomo. Sikuwahi kufika pale. Niliuliza, nikaoneshwa nyumba ya mhunzi, nikapiga hodi. Akatoka mkewe, mama mnene, mwiko mkononi, akanitazama kutoka kichwani hadi kidole gumba.

“Nani wewe?”

“Mpita njia, mama. Namtafuta Mzee Lameki.”

“Yuko tanurini. Una kazi gani wewe?”

Miaka kumi na minane swali hilo nilikuwa na jibu lake tayari. Nikafungua mdomo, nikalihisi likija. Nikalimeza.

“Sina kazi, mama. Niliacha shule, nimezurura. Niliwaongopea rafiki zangu kuwa mimi ni fundi, nikawavunjia mashine, na kahawa yao inaoza. Nimebeba gurudumu lao hapa mgongoni.”

Yule mama alinitazama, kisha akacheka hadi mwiko ukamwaga mchuzi. “Ingia, baba, ingia! Wanaojiita mafundi hapa wanafika kila wiki, huwa tunawalaza nje. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tua mzigo.”

Akanitandikia mkeka kwenye chumba cha ubavuni mwa tanuri, ukuta bado una uvuguvugu. Nililala usingizi ambao sikuwahi kuulala tangu nidandie lile lori la kwanza.

Basi mwanangu, mwaka unapokwisha na wenzako wanaulizana habari, wape habari zako zilivyo. Kama umeshindwa, sema umeshindwa, na useme umeshindwa wapi, maana mwenzako hawezi kukushika mkono uliouficha nyuma ya mgongo. Usiuonee aibu mwendo wako, hata ukiwa umepinda. Huenda katika kupinda kwake ulipita mlango wa Lameki wako, na kuna watu wanaoozewa na mavuno wakikungoja uutaje. Na wewe uliyefanikiwa, andika na mibuni yako iliyokufa, ili mwenzio aliyekwama apate ujasiri wa kuja mlangoni.

Mungu akupe rafiki wa maneno machache kama Yeremia, na wa kukucheka kama Tito. Akujalie ulimi usiohitaji kuezekwa kila mwaka. Na popote miguu itakapokufikisha jioni, upigapo hodi na kuulizwa wewe ni nani, jibu lako likufungulie mlango, na ukuta wa ubavuni pako uwe na joto.