Lidwina, Mwenye Funguo za Akaunti Zote

Ifahamike kwa wakazi wote wa Songea, kuanzia Mshangano hadi Lizaboni, walio macho na wanaosinzia kazini, kwamba mamlaka ya kufungua, kufunga na kuchungulia akaunti ya kila mtumishi wa ushirika wetu wa wakulima yamewekwa mikononi mwa mwanamke mmoja. Jina lake Lidwina Haule, mama wa watoto wawili, mpenzi wa likolo la nanyungu, yaani mboga ya majani ya maboga, mvaaji wa sweta moja la kijivu masika na kiangazi. Tumwogope.

Na tukamwogopa. Meneja Gaspari mwenyewe ndiye aliyetuamrisha. Alituita ukumbini, akatangaza kwamba kompyuta zote sasa zimeunganishwa, na msimamizi wa mfumo ni Lidwina, aliyerithi kiti, kikombe na mitambo ya Romanus, mtu wa aiti aliyehama.

"Ukiandika, anaona," alisema meneja. "Ukifuta, anaona ulichofuta. Na ukiwaza kuandika..." Akatabasamu.

Lidwina alikuwa nyuma kabisa, anapuliza chai. Hakukanusha. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwaka, na mwenye mkataba wa namna hiyo hamkanushi meneja mbele za watu.

Tangu siku ile ofisi ikaingia ubaridi. Chumba chake kiko mwisho wa korido, mlango haushiki vizuri, na kwenye ule upenyo taa za mitambo zinakonyeza kijani, kama kitu kilichojificha uvunguni kinachohesabu pumzi zako. Tukawa tunapita hapo tukinyata. Umbea ukafa, na ofisi isiyo na umbea ni mochwari yenye viyoyozi. Yetu haikuwa na viyoyozi.

Kusahau nywila kukawa msiba. Unakwenda, unagonga. "Dada Lidwina, paswedi imenitoka kichwani." Anakutazama. Anaendelea kukutazama. Kisha anasema, "Rudi ukakae. Utakumbuka." Unarudi, jasho linakutoka huku nje mvua inamwagika, na kweli unakumbuka! Tukakubaliana kwamba huyu si mtu wa aiti tu. Kuna jambo.

Sasa, sisi watu wa huku tumelelewa na kitubio. Tukishajua tunaonekana, hatungoji kuulizwa, tunapanga foleni. Mhasibu wetu Majidi, Mwislamu wa Namtumbo ambaye hajawahi kumpigia goti padri yeyote, ndiye aliyeiongoza.

"Dada'angu, wallahi ile barua ya kuomba kazi Mbinga niliiandika siku moja tu. Shetani alinipitia."

"Sawa."

"Umeiona, siyo?"

"Kaa na amani, kaka Majidi."

Amani gani? Majidi alitoka amepauka, akaacha kilo za mchele mezani. Wakafuata wengine, mmoja na dagaa wa Nyasa, mwingine na kuku aliyefungwa miguu, mwingine na chupa ya pombe ya komoni aliyoifunika kwa kanga kama mtoto mchanga. Lidwina aliyeamka asubuhi hajui lolote, kufika jioni alikuwa amejazwa siri kama gunia.

Asubuhi iliyofuata akaja Anjelika wa stoo. Huyu hakuleta kitu. Aliusukuma mlango kwa mgongo, akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi niliyewatumia wakulima picha za ile mbegu ya mahindi tuliyowauzia. Ilishapitwa na muda, ikabandikwa lebo mpya. Haijaota, Lidwina. Baba yangu kaipanda shamba zima."

Lidwina akaweka kikombe chini. "Kwa nini unaniambia?"

"Si umeshaona?"

Lidwina akautazama ule upenyo wa mlango. Hofu aliyokuwa akiigawia ofisi nzima bila kukusudia, siku hiyo ilimrudia.

Maana meneja alikuwa anamtafuta huyo huyo. Wakulima walikuwa wameshafika getini na kelele zao. Mchana ule alikwenda hadi mwisho wa korido, akavuta kiti, akakaa nyuma ya bega la Lidwina. Sisi tukabana masikio ukutani.

"Mwanangu, mkataba wako nausaini leo. Nifungulie akaunti, moja baada ya nyingine. Namtaka aliyetuma zile picha."

"Za watu wote, baba?"

"Zote. Natazama."

Akifungua, Anjelika hana kazi. Asipofungua, yeye ndiye hana. Lidwina aligeukia skrini. Majina yetu yalipangwa kwa vyeo, juu hadi chini. Akausogeza mshale pole pole, ukatua kwenye jina la juu kabisa. Gaspari.

"Hiyo ya nini?"

"Umesema zote, baba. Naanzia juu."

Kiti kikalia. Mvua ikapiga bati.

"Lakini hiyo... si umeshaiingia?"

Lidwina akageuka, akamtazama kama anavyowatazama waliosahau nywila. Na meneja akakumbuka! Akakumbuka yote, bila kuulizwa.

"Zile lebo hazikuwa wazo langu. Aliyetuuzia aliniandikia, nikajibu 'sawa'. Neno moja! Mtu anafungwa kwa neno moja?"

"Sijui, baba."

"Aliandika kabisa kwamba mbegu zitaota. Uliisoma mwenyewe."

"Kaa na amani, baba."

Mkataba ulisainiwa kabla ya saa za kutoka. Anjelika yuko stoo mpaka leo. Wakulima walipelekewa mbegu nyingine, bila maelezo. Ungedhani tungeshangilia.

Lakini kesho yake, getini, Gaspari, mtu wa mvi, wa rika la baba yake Lidwina, alivua kofia, akainama. "Shikamoo, Lidwina."

Hakuna aliyecheka. Mzee akikuamkia shikamoo mbele za watu, ama akili zimemruka, ama anakupima urefu wa jeneza. Lidwina alilivuta sweta shingoni akapita. Tangu hapo gari la meneja hupita Mshangano jioni, mbele ya nyumba yake, likipunguza mwendo, naye meneja huko hana shamba wala ndugu.

Nikashindwa kuvumilia. Nilimkuta uani anamenya nyuzi za majani ya maboga, gari limetoka kupita, vumbi lake halijatua.

"Lidwina, yule mzee atakumaliza. Mkabidhi hiyo nywila ya msimamizi ashike mwenyewe, yaishe."

Akachukua jani jingine.

"Sina. Romanus alihama nayo."